Kuchanganya safu kwa nasibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali mengi humu nimeulizwa na wanaoanza kuandika programu. Machache nimejiuliza mwenyewe baada ya kuumbuka. Mifano ni ya JavaScript na Python kwa sababu ndizo ninazoshika kila siku, lakini hoja ni ileile kwa lugha yoyote. Wacheza karata husema "kuchanga". Humu nimetumia "kuchanganya", maana ndilo neno ninalolisikia kwa wenzangu wa kompyuta.

Kuchanganya safu maana yake nini hasa?

Safu (array) ni orodha ya vitu, kila kimoja na nafasi yake. Kuichanganya si kuvuruga tu mpaka mambo yaonekane yamevurugika. Sharti ni kwamba kila mpangilio unaowezekana uwe na nafasi sawa ya kutokea. Majina 3 yana mipangilio 6. Majina 5 yana 120. Majina 10 yana 3,628,800. Kama programu yako inapendelea mpangilio mmoja kuliko mwingine, hata kidogo, haijachanganya. Ubaya wake ni kwamba haitakuambia. Hakuna ujumbe mwekundu, hakuna kukwama, na majina yanatoka yakiwa yamepinduka-pinduka vizuri kabisa.

Sawa. Njia sahihi ni ipi?

Ni fupi kuliko watu wanavyodhani:

```
function changanya(safu) {
  for (let i = safu.length - 1; i > 0; i--) {
    const j = Math.floor(Math.random() * (i + 1));
    [safu[i], safu[j]] = [safu[j], safu[i]];
  }
  return safu;
}
```

Inaitwa algoriti (yaani utaratibu wa hatua) ya Fisher–Yates. `Math.random()` hutoa namba nasibu kuanzia 0 mpaka chini ya 1, na `Math.floor` hukata desimali. Tuipitie kwa mkono. Tuna Asha, Baraka, Chiku, Daudi na Eliza, nafasi 0 hadi 4.

Tunaanzia mwisho. i ni 4, kwa hiyo j inachaguliwa kati ya 0 na 4. Tuseme imetoka 1: Eliza na Baraka wanabadilishana, tunapata Asha, Eliza, Chiku, Daudi, Baraka. Nafasi ya 4 sasa imefungwa, Baraka haguswi tena. i ni 3, na j imetoka 3: Daudi anabadilishana na nafsi yake, yaani anabaki alipo. Hilo ni halali, na nitalirudia huko chini. i ni 2, j imetoka 0: Chiku, Eliza, Asha, Daudi, Baraka. i ni 1, j imetoka 0: Eliza, Chiku, Asha, Daudi, Baraka. Kwisha.

Hatua ya kwanza ilikuwa na chaguo 5, ya pili 4, kisha 3, kisha 2. Zidisha: 120. Ni sawasawa na idadi ya mipangilio, na kila njia inafika kwenye mpangilio wake mmoja. Usawa wote wa algoriti hii umekaa hapo.

Mbona mtandaoni wanaandika mstari mmoja tu: `safu.sort(() => Math.random() - 0.5)`?

Kwa sababu unaingia kwenye mstari mmoja. Na mimi niliuandika, kwa hiyo nisimcheke mtu.

Mwaka 2016 nilimtengenezea kijumbe wa upatu wa mtaani kwetu ukurasa mdogo wa kupanga zamu za kupokea. Watu 10, kila wiki mmoja anapokea. Mama mmoja alijiunga dakika za mwisho, jina lake likawa la mwisho kwenye orodha. Mzunguko wa kwanza akapokea wa mwisho. Wa pili, wa mwisho tena. Wa tatu akapanda mpaka katikati, tukashangilia. Wa nne akarudi mkiani. Akaniambia mbele za watu, "Mwanangu, hii mashine yako ina upendeleo." Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni bahati tu, kompyuta haimjui mtu. Usiku nikaketi nikaendesha ukurasa ule mara elfu kumi. Jina la mwisho lilibaki la mwisho karibu mara elfu tano.

Sababu ni hii. `sort` imejengwa kupanga, na inamwamini anayelinganisha. Ukimwambia leo A amtangulie B, na ukiulizwa tena ujibu kinyume, unailisha uongo, na matokeo yanategemea jinsi ilivyojengwa ndani. Chrome ya siku zile ilipanga safu zenye vipengele 10 au pungufu kwa kumchukua kila mmoja na kumsukuma kushoto hatua kwa hatua mpaka akwame. Yule wa mwisho analinganishwa kwanza na jirani yake. Kwa kuwa `Math.random() - 0.5` ni kama kurusha sarafu, nusu kwa nusu, nusu ya mara anakwama palepale. Haki yake ilikuwa mara 1 kati ya 10, mimi nilikuwa nampa mara 1 kati ya 2. Tangu 2018 Chrome imebadilisha namna ya kupanga, kwa hiyo ukijaribu leo utapata upendeleo wa sura nyingine. Upendeleo haujaondoka.

Nilijifariji kwamba wakubwa nao walianguka shimo hilohilo. Mwaka 2010, kwa makubaliano na Tume ya Ulaya, Microsoft iliwaonyesha watumiaji wa Windows barani Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari, na vivinjari vitano vikubwa vilitakiwa vipangwe kwa nasibu ili asipendelewe mtu. Rob Weir, aliyekuwa IBM, aliupima akakuta kwamba ukiufungua kwa Internet Explorer, basi Internet Explorer yenyewe inaangukia nafasi ya tano karibu nusu ya mara. Ndani ya msimbo mlikuwa na `sort` yenye kulinganisha kwa nasibu. Kumbuka Microsoft ndiyo iliyojiumiza, kwa hiyo si hila. Ni mstari mmoja tu. Baadaye waliurekebisha.

Kwenye Java mambo yanaweza kuwa ya wazi zaidi: tangu toleo la 7, kupanga kwa kulinganisha kusiko na msimamo kunaweza kukurushia kosa, "Comparison method violates its general contract!" Ningependa na lugha nyingine zingekuwa na ukali huo.

Kwa nini j isichaguliwe kutoka safu nzima kila mara? Si ndiyo itachanganyika zaidi?

Hili ndilo kosa ninalolipenda kulieleza, kwa sababu akili inakubali kabisa kwamba kuchanganya zaidi ni bora zaidi.

Chukua herufi tatu, ABC. Kila hatua unabadilishana na nafasi yoyote kati ya 3, na hatua ni 3. Njia zote ni 3 × 3 × 3 = 27, na kila njia ina nafasi sawa. Mipangilio ni 6. Sasa gawa 27 kwa 6. Haigawanyiki. Hata ufanyeje, kuna mipangilio itakayopata njia nyingi kuliko mingine. Nilizihesabu zote kwa kalamu: ACB, BAC na BCA zina njia 5 kila moja, ABC, CAB na CBA zina njia 4. Ni kama kugawa mayai 27 kwa watoto 6 bila kuvunja yai.

Nimeandika `i` badala ya `i + 1`. Inafanya kazi, kuna shida?

Inafanya kazi, lakini kazi nyingine. Kwa kuwa j haiwezi kuwa sawa na i, hakuna anayeruhusiwa kubaki alipo. Majina 5 yanakupa mipangilio 24 tu badala ya 120, na Asha hataonekana kamwe kwenye nafasi ya kwanza aliyoanzia.

Kosa hili lina jina na heshima zake: Sandra Sattolo alilitoa kama algoriti kamili mwaka 1986. Linafaa pale ofisini mnapobadilishana zawadi mwisho wa mwaka. Kila mtu anampa mwenzake, hakuna anayejichagua mwenyewe, na mnyororo mmoja unawazunguka wote. Kwa kazi hiyo ni zuri sana. Kwa upatu ni kosa.

Fisher na Yates ni akina nani?

Ronald Fisher na Frank Yates walikuwa wanatakwimu Waingereza, wote wamepitia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Shida yao ilikuwa mashamba: mbolea ipi iende jaruba lipi bila mkono wa mtafiti kupendelea. Mwaka 1938 walichapisha njia ya karatasi na kalamu. Andika namba zote, chukua namba nasibu kwenye jedwali, hesabu mpaka hapo ukiruka zilizokwisha kufutwa, futa, andika pembeni, rudia. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaigeuza kuwa ya kompyuta. Badala ya kufuta na kuruka, anabadilishana na wa mwisho, na safu moja inatosha. Donald Knuth akaieneza kupitia vitabu vyake kuanzia 1969.

Mwaka huohuo wa 1969, tarehe 1 Desemba, Marekani ilipiga kura ya tarehe za kuzaliwa kuamua vijana gani watangulie kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Vidonge 366 vya plastiki viliwekwa sandukuni mwezi baada ya mwezi, vikatikiswa kidogo tu, vikamiminwa kwenye chupa kubwa. Tarehe za mwisho wa mwaka, zilizoingia mwisho, zikatoka mapema kupita kiasi. Ni ileile ya mama wa upatu, ila hapa waliokuwa mkiani ndio waliotangulia, na kilichokuwa kikigawiwa kilikuwa kizito zaidi. Kura iliyofuata ilitayarishwa kwa majedwali ya namba nasibu.

Python inanipa `None`. Majina yangu yamekwenda wapi?

Hayajakwenda popote. `random.shuffle(majina)` inachanganya orodha ileile uliyoipa na haikurudishii kitu. Ukiandika `majina = random.shuffle(majina)` umeitupa orodha yako mwenyewe. Iite peke yake kwenye mstari. Ukitaka nakala mpya na ya zamani ibaki, tumia `random.sample(majina, len(majina))`. Kwenye JavaScript, ile fanksheni ya juu nayo inabadilisha safu uliyoipa. Mpe nakala: `changanya([...majina])`.

Lazima niandike mwenyewe?

Mara nyingi hapana, na ni afadhali usiandike. Python ina `random.shuffle`, Java ina `Collections.shuffle`, Ruby ina `shuffle`, Go ina `rand.Shuffle` tangu toleo la 1.10. PHP ina `shuffle`, ila angalia, inafuta majina ya funguo za safu na kuanza kuhesabu upya. C++ ilikuwa na `random_shuffle`, ikaondolewa kwenye C++17, sasa ni `shuffle` pamoja na chanzo cha namba unachokitaja mwenyewe. JavaScript haina ya kwake, na nadhani ndiyo sababu ule mstari mmoja wa `sort` haufi.

`Math.random` inatosha?

Kwa kupanga picha kwenye ukurasa au maswali ya mazoezi, ndiyo. Pakiingia pesa, hapana.

Namba nasibu za kawaida za kompyuta huanza na mbegu, halafu zinafuata hesabu. Mbegu ileile, mfululizo uleule. Kwa hiyo huwezi kupata mipangilio mingi kuliko idadi ya mbegu. Mbegu ya biti 32 ina thamani takribani bilioni 4.3, na majina 13 tayari yana mipangilio zaidi ya bilioni 6.2. Karata 52 zina mipangilio ambayo ni 8 ikifuatwa na tarakimu 67. Mbegu ya biti 32 mbele ya namba hiyo ni kijiko mbele ya Bahari ya Hindi.

Mwaka 1999 jambo hili lilitoka kwenye nadharia. Kampuni ya ASF Software, iliyotengeneza programu za poka ya mtandaoni, ilichapisha algoriti yake ili wachezaji waone haki inatendeka. Watafiti wa usalama wakaisoma. Walikuta mbegu ni idadi ya milisekunde tangu usiku wa manane, nazo kwa siku nzima ni 86,400,000 tu. Kwa kulinganisha saa yao na ya seva walipunguza uwezekano mpaka kama 200,000. Karata tano wanazoziona, mbili za mkononi na tatu za mezani, zikatosha kujua karata za kila mtu na zitakazofuata. Juu ya hapo, msimbo ulichagua namba 1 hadi 51 badala ya 52, na kutoka safu nzima, lile kosa la mayai 27. Karata iliyoanza ya mwisho haikuweza kamwe kubaki ya mwisho.

Kwa kazi za pesa tumia chanzo cha mfumo wenyewe: `crypto.getRandomValues` kwenye kivinjari, `random.SystemRandom().shuffle(orodha)` kwenye Python, `Collections.shuffle(orodha, new SecureRandom())` kwenye Java.

Nikipata namba kubwa nasibu, naweza kutumia baki la kugawanya kuipunguza?

Angalia kwa namba ndogo. Chanzo kinakupa 0 hadi 7, unataka 0, 1 au 2, kwa hiyo unachukua baki la kugawanya kwa 3. Sifuri inatokana na 0, 3, 6. Moja inatokana na 1, 4, 7. Mbili inatokana na 2 na 5 tu. Imeonewa. Dawa: ukipata 6 au 7, itupe, chota tena. Chanzo kikiwa na biti 32 na safu ikiwa fupi, kasoro hii ni ndogo mno kuonekana, lakini kuitupa ni mistari miwili tu, sioni sababu ya kuacha.

Nimechanganya vizuri, mbona Asha amebaki palepale? Na mbona nyimbo za msanii mmoja zinafuatana?

Kwa sababu ndivyo nasibu ilivyo. Katika mipangilio 120 ya majina 5, mipangilio 76 ina angalau mtu mmoja aliyebaki mahali pake. Hiyo ni asilimia 63 na kitu, na safu ikirefuka inabaki karibu hapohapo. Ukiona kila safari kila mtu amehama, hapo ndipo uangalie kama hukuandika `i`.

Nyimbo nazo ni hivyohivyo. Orodha ikiwa na nyimbo nyingi za msanii mmoja, zitakutana. Spotify walilalamikiwa sana kwa hili, na mwaka 2014 wakaeleza hadharani kwamba wamebadilisha algoriti ili kuwatawanya wasanii. Yaani walipunguza nasibu ili msikilizaji aione ni nasibu. Sina ugomvi nao, ni muziki. Ukifanya hivyo kwenye kura, umeiharibu kura.

Nitajuaje kama yangu ni sahihi?

Hesabu. Kutazama hakutoshi, mimi nilitazama mizunguko minne.

Changanya ABC mara 60,000, kila mara ukianza na ABC mpya, na uweke idadi ya kila mpangilio. Sahihi itakupa karibu 10,000 kwa kila mmoja, ikipanda au kushuka kwa mia moja, mbili hivi. Ile ya mayai 27 itakupa karibu 11,100 kwa mitatu na 8,900 kwa mitatu mingine. Ya Sattolo itakupa mipangilio miwili tu, 30,000 na 30,000. Kosa la kusahau kuanza na ABC mpya ni la kawaida mno, nalo huficha upendeleo wa ile ya mayai 27: unachanganya kilichokwisha kuchanganywa, na idadi zinatoka sawa.

Nataka washindi 3 kati ya namba 40,000. Nichanganye zote?

Hapana. Fanya hatua 3 za mwanzo za Fisher–Yates, chukua tatu za mwisho, basi. Python inayo tayari: `random.sample(namba, 3)`. Kwenye hifadhidata watu huandika `ORDER BY RAND()`. Ni sahihi, lakini jedwali zima linapewa namba na kupangwa ili utoe mistari mitatu. Kwa jedwali dogo hutaona tofauti.

Nina safu ya maswali na safu ya majibu. Nikizichanganya zinapotezana.

Changanya safu ya tatu yenye namba za nafasi, 0, 1, 2 na kuendelea, kisha zisome zote mbili kwa kuifuata. Au bora zaidi, weka swali na jibu lake kwenye kipengele kimoja. Na kwa walimu wanaochanganya machaguo A hadi D: chaguo la "Yote yaliyotajwa hapo juu" liwekwe kando kabla ya kuchanganya, lirudishwe chini. Nimeona mtihani ambao lilikuwa A.

Wanachama hawaamini kompyuta. Nifanyeje?

Wana haki. Mbegu, ile iliyokuwa adui kwenye poka, inaweza kuwa shahidi hapa, mradi itoke kwao na wala si kwako. Sisi tunafanya hivi. Majina yanapangwa kwanza kwa alfabeti. Kila mwanachama anaandika tarakimu mbili kwenye karatasi, anaikunja. Zote zinafunuliwa pamoja, ili wa mwisho asichague akiwa amekwisha kuona za wenzake. Tunaziunganisha ziwe namba moja ndefu, tunaiweka kwenye `random.seed`, kisha `random.shuffle`. Hatujumlishi. Jumla ya watu 10 ingekuwa kati ya 0 na 990, mbegu 991 kwa mipangilio zaidi ya milioni tatu na nusu. Zikiunganishwa zinakuwa tarakimu 20.

Mwenye mashaka anachukua namba ileile na orodha ileile, anaendesha kwenye simu ya mwanawe kwa toleo lilelile la Python, anapata zamu zilezile. Kijumbe wetu huinakili mbegu kwenye daftari, chini ya tarehe, kwa wino, na yule mama ndiye anayemsomea tarakimu.